Kumsomesha binti uhandisi wa programu: Jibu kwa mzazi wa Kinyangiri

  

Miongoni mwa maswali yaliyotufikia limo moja kutoka Kinyangiri, kata iliyomo katika Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida. Muulizaji ni mzazi, mkulima wa alizeti na mtama. Binti yake amehitimu kidato cha 6, amefaulu hesabu na fizikia, na amechaguliwa kusomea shahada ya uhandisi wa programu za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Mzazi amekusudia kuuza ng'ombe wawili ili amwandalie safari na mahitaji ya mwanzo, lakini ndugu zake wamempinga.

Mmoja amesema kwamba kompyuta hufundishwa mjini kwa miezi 3, hivyo kuisomea miaka 4 ni kupoteza mali. Wa pili amesema kwamba elimu hiyo ni ya dunia tupu, haina thawabu. Wa tatu amesema kwamba mtoto wa kike hupelekwa kwa mume, hapelekwi mji wa mbali. Na mzazi mwenyewe ana shaka ya nne: mkopo wa elimu ya juu unaotolewa na Serikali, je, hauna riba ndani yake?

Tumeona jibu hili lisiwe la mtu mmoja. Nyumba zinazobishana jambo hili leo ni nyingi, mijini na vijijini, na wengi huamua kwa kusikia tu. Tutazijibu shaka hizo moja baada ya nyingine, Inshaallah.

Elimu hii ni ipi?

Ni kweli kwamba yapo mafunzo ya miezi 3. Humo mtu hufundishwa kuandika barua kwa kompyuta, kupanga mahesabu katika majedwali, kutuma barua pepe na kutumia intaneti. Hayo ni mafunzo ya mtumiaji. Uhandisi wa programu ni elimu ya mtengenezaji, yaani yule anayeandika amri ambazo kompyuta au simu inazifuata hata mtumiaji akabonyeza na kupata alichokitaka.

Mwananchi wa Kinyangiri hatumii kompyuta mezani kwake, lakini anaishi na programu kila siku. Anapotumiwa fedha na mwanawe aliyeko Dar es Salaam, programu ndiyo inayopunguza salio la huyu na kuongeza la yule. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008, na leo hata mzee asiyejua kusoma anaitegemea. Anaponunua umeme wa LUKU, programu ndiyo inayotoa zile namba anazoziingiza katika mita. Anapolipa ada ya Serikali, hupewa namba ya malipo ambayo watu huiita "kontroo namba", nayo imetolewa na programu. Nyuma ya kila moja ya hizo wapo watu waliokaa wakafikiri, wakaandika, wakajaribu na wakasahihisha.

Tutoe mfano ambao kila aliyekaa darasa la faraidh, yaani elimu ya mirathi, anaufahamu. Mtu amefariki akaacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo kinachobaki kigawanywe kwa warithi. Tuseme kimebaki shilingi 3,200,000. Mke anapata thumni, nayo ni shilingi 400,000. Kilichobaki ni cha watoto, mwanamume akipata fungu la wanawake wawili: mtoto wa kiume shilingi 1,400,000 na kila binti shilingi 700,000. Ukizijumlisha zinatimia.

Mwalimu wa faraidh hufuata hatua hizo kwa utaratibu usiobadilika, na akikosea utaratibu, kwa mfano akagawa kabla ya kulipa deni, amewadhulumu watu. Basi ukiziandika hatua hizo, moja baada ya nyingine, kwa lugha inayofahamiwa na kompyuta, umeandika programu. Hadi hapo, ndugu yule wa kwanza anaweza kusema: jambo jepesi, miezi 3 inatosha.

Lakini je, akifariki mwanamke akaacha mume na dada wawili wa baba na mama, wala hana mtoto wala baba wala babu? Mume ana nusu, na dada wawili wana thuluthi mbili. Mali iliyobaki ikiwa shilingi 4,200,000, nusu yake ni shilingi 2,100,000 na thuluthi mbili ni shilingi 2,800,000. Jumla ni shilingi 4,900,000, nayo imezidi mali iliyopo. Jambo hili liliwafikia Masahaba zama za Khalifa Umar bin Khattab (R.A.). Alishauriana nao, ikatoka hukumu inayoitwa 'awl: mafungu yanahesabiwa kuwa 7 badala ya 6, mume anachukua 3 na dada wawili wanachukua 4. Mume atapata shilingi 1,800,000 na kila dada shilingi 1,200,000, na kila mwenye haki amepungukiwa kwa kadiri ya fungu lake.

Aliyeandika programu ya mirathi bila kuijua 'awl, programu yake itafanya kazi vizuri kwa familia nyingi. Watu wataisifu na kuiamini. Kisha siku moja itaifikia familia ya mume na dada wawili, nayo itagawa shilingi ambazo hazipo. Tofauti ya mhandisi na mtu aliyejifunza kwa haraka iko hapo. Mhandisi amefundishwa kuitafuta familia hiyo kabla haijafika, kuijaribu programu yake kwa mambo ya kawaida na mambo ya nadra, na kuandika sababu za kila alichokifanya ili atakayekuja baada yake aweze kusahihisha.

Kwa ajili hiyo shahada ile ya Dodoma huchukua miaka 4. Mwanafunzi huanza na hesabu na misingi ya kuandika programu. Hufuata namna ya kupanga data ili ipatikane kwa haraka, kanzidata, mitandao, na jinsi kompyuta yenyewe inavyogawa kazi zake. Kisha huja yale yanayoipa elimu hii jina la uhandisi: kumsikiliza mtumiaji na kuandika mahitaji yake kwa usahihi, kusanifu kabla ya kujenga, kujaribu, kulinda siri za watu, na kufanya kazi katika kundi bila mmoja kuharibu ya mwenzake. Hutumwa pia kwenye mafunzo kwa vitendo, na mwishoni hutakiwa kutengeneza mradi wake na kuutetea mbele ya walimu.

Jina hilo halikutolewa kwa kujikweza. Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, baada ya kuona kwamba programu kubwa za wakati ule zilichelewa, zilizidi gharama na zilijaa kasoro. Waliitaka kazi ya kuandika programu iwe na nidhamu kama ile ya wajenzi wa madaraja. Anayejenga daraja haambiwi ajifunze kwa miezi 3.

Je, ni elimu ya dunia tupu?

Ndugu wa pili amegawa elimu mafungu mawili, ya dini yenye thawabu na ya dunia isiyo na thawabu. Mgawanyo huo sio wa wanavyuoni wetu. Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na mwaka 1111, katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din ameeleza kwamba elimu ambayo mambo ya watu hayatengemai bila hiyo ni fardhi kifaya. Ametaja tiba kwa sababu ya afya za watu, na ametaja hisabu kwa sababu watu wanaihitaji katika biashara na katika kugawa wasia na mirathi. Mji ukikosa kabisa mwenye elimu hiyo, watu wake wote wako katika dhiki na lawama. Akipatikana wa kutosheleza, wajibu umewaondokea wengine.

Imam huyo huyo aliwalaumu watu wa zama zake waliojazana katika fani moja wakaiacha tiba, hata ikawa mji mzima hauna tabibu Mwislamu. Kila mzazi na ajiulize: katika misikiti ya kata yake, ni wangapi wanaoweza kumsomea mgonjwa, na ni wangapi wanaofahamu namna zinavyotunzwa kumbukumbu za mgonjwa huyo hospitalini?

Tumtazame pia Sahaba Zaid bin Thabit (R.A.). Mtume (S.A.W.) alimwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisomwe na kujibiwa na mtu mwaminifu, naye akayajua kwa muda wa nusu mwezi, kama alivyopokea Imam Tirmidhi. Zaid huyo ndiye aliyesifiwa kwa ujuzi wa mirathi kuliko Masahaba wenzake, na ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur'an zama za Abubakar (R.A.). Kujifunza maandishi ya watu wengine hakukumpunguzia dini yake. Kulimfanya awe tegemeo la umma. Lugha za kompyuta nazo ni maandishi ya kigeni ambayo umma unahitaji watu waaminifu wa kuyasoma.

Tena elimu hii si ngeni kwetu kwa asili yake. Katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun, aliishi Baghdad mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Kitabu chake cha al-jabr ndicho kilichoipa hesabu jina la aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mirathi na wasia. Jina lake mwenyewe, lilipopita katika ndimi za Wazungu, ndilo lililozaa neno algoriti, yaani utaratibu wa hatua ambao kila programu imejengwa juu yake. Hatuyasemi haya ili tujivunie makaburi. Tunayasema ili binti wa Kinyangiri, atakapolisikia neno hilo darasani, afahamu kwamba mwenye jina lile alikuwa akihangaikia mgawanyo wa haki za warithi.

Mashine inapotoa ushahidi

Yapo mambo mengi ya kusema juu ya faida ya elimu hii, lakini sisi tunaona kwamba sababu kubwa ya Waislamu kuisoma ni amana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni. Imeagizwa humo kwamba mwandishi awe mwadilifu na asikatae kuandika, na mwenye kudaiwa asipunguze kitu katika haki. Zamani mwandishi alikuwa mtu mwenye kalamu. Leo mwandishi wa madeni, mishahara, mizani na hati za viwanja ni programu, na nyuma ya programu yuko mtu.

Tazama yaliyotokea Uingereza. Shirika la posta la huko lilianza mwaka 1999 kutumia programu ya mahesabu iitwayo Horizon katika vituo vyake. Programu hiyo ilikuwa na kasoro zilizoonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wasimamizi wa vituo walipolalamika, mashine iliaminiwa na wao wakaitwa wezi. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa ushahidi wa aina hiyo. Wapo waliofungwa, waliofilisika, na waliokufa kabla ya kusafishwa majina yao. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ilithibitisha kasoro za programu ile, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu zile kwa pamoja.

Mzazi mwenzetu, zingatia jambo hili. Wale walikuwa watu wasio na hatia, katika nchi yenye mahakama za miaka mingi, na hawakuweza kujitetea dhidi ya mashine kwa sababu waliofahamu undani wake walinyamaza au hawakusikilizwa. Siku mkulima wa alizeti atakapoambiwa na mashine ya ghala kwamba magunia yake ni 18 na yeye anajua ni 20, nani atakayeweza kuifungua programu ile na kusema palipokosewa? Atakuwa ni yule aliyesomeshwa. Kama kijiji hakikumsomesha yeyote, kitabaki na kiapo tu mbele ya mashine isiyoapa.

Hata pasipo dhuluma, uzembe peke yake ni madhara. Mwezi Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipokwama hapa nchini, watu walikaa gizani wakiwa na fedha mkononi na foleni zikajaa katika ofisi za umeme. Imam al-Bayhaqi amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kwamba Allah (S.W.) hupenda mja anapofanya kazi aikamilishe vizuri. Mwenye kuandika programu ya watu milioni moja, itqani yake ni sadaka kwa watu milioni moja, na uzembe wake ni deni kwa idadi hiyo hiyo.

Na zipo siri. Anayesimamia kanzidata ya hospitali anaona ugonjwa wa jirani yake, na anayesimamia ya simu anaona nani kamtumia nani. Nchi yetu imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria humfikia mtu anapokamatwa. Mcha Mungu huanza kujizuia pale ambapo hakuna anayemwona isipokuwa Mola wake. Mtoto aliyelelewa madrasa kwa adabu ya kutochungulia nyumba za watu anayo kinga ambayo haitolewi na chuo kikuu.

Si kila kazi inafaa

Haki inatulazimu kuonya pia. Mhitimu wa elimu hii ataitwa na wengi, na baadhi yao ni wenye makampuni ya kubahatisha matokeo ya mpira, ambayo vijana huyaita ya kubeti. Kamari ni haramu kwa nassi ya Qur'an, na mwenye kuitengenezea programu yake maalumu ameisaidia dhambi kwa mkono wake, nako kusaidiana katika dhambi kumekatazwa katika Surat al-Maida. Kuhusu riba, katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, mwandishi wa mkataba wa riba amelaaniwa pamoja na mlaji wake, mtoaji wake na mashahidi wake. Mwandishi wa zama hizi ndiye tuliyekwisha kumtaja.

Ama programu ya manufaa ya jumla, kama ya kutunza stoo au kupokea malipo, ambayo mtumiaji anaweza kuielekeza kwenye halali au haramu, hukumu yake ni pana zaidi, na mwenye shaka aulize wanavyuoni kwa kazi yake maalumu. Binti aondoke nyumbani akiwa ameshafundishwa mipaka hiyo, kwani atakapoonyeshwa mshahara mkubwa haitakuwa tena rahisi kuanza kujifunza.

Suala la mkopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Hutoa mkopo kwa kuangalia uhitaji wa mwombaji, kwa ajili ya ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo, na ile posho ya chakula na malazi ambayo wanafunzi huiita "bumu". Mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe.

Shaka ya mzazi ina asili. Kwa miaka kadhaa deni hilo liliongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na Waislamu wengi walisita kwa sababu nyongeza juu ya mkopo, kwa jina lolote, ni ile ile. Katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa tozo hiyo. Hilo lilikuwa jambo la kheri kwa wanafunzi wa dini zote.

Mkopo unaorudishwa kiasi kile kile kilichochukuliwa hauna tatizo kisheria. Ama ada ya uendeshaji, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa katika kikao chake cha Amman, Jordan, mwaka 1986, liliijuzisha kwa sharti kwamba isizidi gharama halisi za kutoa huduma hiyo, na kinachozidi ni riba. Kwa hiyo tunamshauri mzazi asome mkataba wa mwaka wake pamoja na binti yake, kifungu kwa kifungu, kabla ya kutia saini, na penye utata aulize.

Baada ya hapo tunamkumbusha binti kwamba mkopo ni deni. Wapo wahitimu wanaojificha wasilipe, wakidhani mali ya Serikali haina mwenyewe. Mwenyewe ni mtoto anayesubiri kukopeshwa nyuma yao, na deni humfuata mja hadi kaburini.

Na ng'ombe je? Baba anawajibika kwanza kwa chakula na mavazi ya wote walio chini yake. Ikiwa ng'ombe hao ni maksai wa kulimia, ambao bila wao wadogo zake watalala njaa, asiwauze, wala asiuze shamba. Ikiwa ni ziada ya mahitaji ya nyumba, kuwatoa kwa elimu hii ni matumizi mema, na tunataraji kwamba ana malipo yake kwa Allah (S.W.). Asifanye haraka ya kununua kompyuta mpakato ya bei kubwa kabla binti hajafika chuoni na kuuliza inayofaa. Iliyotumika, ikiwa nzima, humtosha wa mwaka wa kwanza.

Binti na mji wa mbali

Kwa ndugu wa tatu tunasema kwa heshima: ndoa ni Sunna tukufu, wala elimu haiipingi. Wajibu wa kutafuta elimu haukuwekwa kwa wanaume peke yao, na Masahaba wakubwa walikuwa wakimwendea Bibi Aisha (R.A.) kumuuliza, naye alijulikana pia kwa ujuzi wake wa faraidh. Akija mposaji mwema, binti akaridhia, yanaweza kuwekwa masharti ya kumaliza masomo, na sharti hilo ni la kuheshimiwa. Zaidi ya hayo, kazi hii ni miongoni mwa kazi chache ambazo mama anaweza kuzifanya akiwa nyumbani na watoto wake, maadamu ana kompyuta, umeme na intaneti.

Kuhusu safari, wanavyuoni wamehitilafiana juu ya mwanamke kusafiri bila maharimu. Wapo waliokataza kabisa, na wapo walioruhusu penye usalama na pamoja na wenzake wanaoaminika. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma ni lami ya kilomita zipatazo 240. Baba au kaka amsindikize kwa mara ya kwanza, aone bweni analolala, amjue mlezi wa mabweni na viongozi wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, na safari za baadaye afuatane na wasichana wenzake. Simu ya kila Ijumaa baada ya sala isikatike. Mtoto anayeulizwa kila wiki juu ya sala zake na masomo yake hupotea kwa shida.

Neno kwa wazazi wengine na misikiti

Hatuwaahidi watu utajiri. Wapo wahitimu wa kompyuta wasio na ajira, na tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu za akili mnemba zinazoweza kuandika programu nyingine, hata wazazi wanauliza kama elimu hii ingali na soko. Jibu letu liko katika ule mfano wa 'awl. Mashine inaweza kuandika mistari mingi kwa dakika moja, lakini lazima awepo mtu wa kujua kwamba mgawanyo uliotoka ni wa dhuluma, na wa kubeba jukumu mbele ya watu na mbele ya Mola wake. Anayesoma ili anakili tu, huyo ana haki ya kuogopa. Anayesoma ili afahamu, atahitajika.

Wazazi ambao watoto wao wako madarasa ya chini wasisubiri kidato cha 6. Mlango wa elimu hii ni hesabu, na hesabu hupotea mapema, mara nyingi kabla ya kidato cha 2. Mtoto asiachwe aseme hesabu si zake. Walimu wa madrasa nao wanaweza kusaidia kwa jambo wanalolijua: wafundishe faraidh kwa mahesabu kamili, na mtoto atapata sehemu za namba, utaratibu wa hatua na hukumu ya dini katika somo moja. Aliyekosa alama za kidato cha 6 asikate tamaa, kwani ipo njia ya stashahada inayofikisha kwenye shahada. Masharti ya kila chuo huchapishwa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, basi yasomwe mapema.

Na misikiti ya kata, badala ya kumwachia mzazi mmoja auze mifugo yake peke yake, ikusanye baada ya mavuno mchango wa kumsaidia mwanafunzi walau nauli na vitabu. Ikiwa ni fardhi kifaya, basi mzigo wake ni wa wote. Anayekwenda anakwenda kwa niaba ya kijiji kizima, na anaporudi, kijiji kina haki ya kumwomba awafundishe wadogo zake.

Kwa hiyo tunamwambia mzazi wa Kinyangiri: mpeleke binti yako, kwa masharti tuliyoyataja, ukiwa umetia nia ya kuwatumikia waja wa Allah (S.W.). Nia hiyo ndiyo itakayoigeuza ada kuwa ibada.

Tunamwomba Allah (S.W.) amfungulie binti huyo na wenzake milango ya fahamu, amhifadhi safarini na ugenini, amjaalie elimu yenye manufaa na riziki ya halali, awape wazazi wake subira na baraka katika kilichobaki zizini na shambani, na atujaalie sote kuwa waandishi waadilifu katika kila tulichokabidhiwa. Amin.